Alama ya Tairi Lako Kule Mvouni

Baba yangu mpenzi,

Kwezi. Salamu hii ya kwetu ilikujia ukubwani, na hukuacha kuitikia kwa kicheko, kwa kuwa kinywa chako kilizoea shikamoo ya Unguja. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha uliyotoka nayo huko, ukaitumia nyumbani kwetu Moroni mpaka mama, binti wa Mutsamudu asiyejua neno lake moja siku ya ndoa, akaweza kukugombeza kwayo bila kukwama.

Nakumbuka asubuhi zetu za Magoudjou, mtaa wetu. Ukishaswali alfajiri hukurudi kulala. Ulikwenda uani moja kwa moja, ukachuchumaa kando ya teksi yako nyeupe yenye milango ya kijani, ukajaribu kila nati ya gurudumu kwa spana kabla hujagusa kikombe cha chai. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, nimemaliza shule, nangoja majibu ya mtihani, na ulikuwa umeamua kunifundisha kuendesha japo majirani walisema. Kwanza lakini ukanifundisha matairi.

"Upepo hupimwa tairi likiwa baridi," uliniambia. "Jua likipanda, tairi linadanganya."

Ukanipa msumari butu nichokoe vijiwe vilivyonasa kwenye kashata, yale meno ya tairi, vile vijiwe vyeusi vya mlima wetu wa moto, vyenye makali kama vigae vya chupa. Ukanionyesha kuhamisha matairi ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, yaishe kwa pamoja kama ndugu waliokula sahani moja. Ukaniambia gari lisiachwe limesimama mahali pamoja siku nyingi, kwani tairi lisilotembea huoza likiwa bado jipya. Nilidhani unanifundisha gari tu.

Tairi la nyuma, upande wa kushoto, lilichanika kwenye njia ya Ikoni. Msimu ule matairi hayakuonekana dukani. Meli zilileta mchele na saruji, basi. Ulikata kipande cha tairi kuukuu la lori, ukakichonga kwa kisu cha samaki cha mama (hilo hakukusamehe), ukakigundisha kwa chuma cha moto, kutwa nzima, jasho likikuchuruzika puani. Kiraka kikashika, ila kilituna kidogo kwa nje, umbo kama kiganja cha mtoto. Mvua ikinyesha, kile kiganja kilijipiga kwenye tope kila gurudumu lilipozunguka. Mama akirudi sokoni akakiona mbele ya geti, alijua upo na akaongeza maji kwenye sufuria. Watu wa Mvouni kule kilimani, uliokuwa ukiwapandisha na kuwateremsha kila siku, walitaniana kwacho: "Teksi imeshapita, tazameni mkono wake."

Wazungu wa kukodiwa, wale askari mamluki, walikuwa wameshaota mizizi wakati huo. Walishuka pwani kabla ya mapambazuko mwaka sabini na nane, wakaiangusha serikali, wakaweka nyingine, na wao wenyewe wakabaki. Wakavaa nguo nyeusi. Wakapata nyumba, mashamba, wake. Mmoja wao alisilimu ili aoe, akaitwa Ilyasi, na kila Ijumaa alikaa safu ya pili msikitini, viatu vyake vya kijeshi vikimngoja mlangoni, na hakuna mtu aliyeweka vyake karibu navyo.

Huyo Ilyasi ndiye aliyeanza kukuletea magari yao. Hukumwita na hukuweza kumkatalia. Alikuja na gari la jipu lenye pancha, akavuta kigoda, akakaa kukutazama. Alijua lugha yetu kiasi cha kukosea kwa adabu. Alikuita fundi, jina ambalo kwetu Moroni hupewa mwalimu wa dini, na aliposikia watu wakicheka akacheka nao. Masharti yako yote aliyashika: upepo asubuhi, nati kabla ya safari, tairi lisikae bure. Aliyarudia neno kwa neno kama mwanafunzi mzuri. Ukiondoa tyubu kwenye tairi uliinusa na kuipapasa, na yeye akakupokonya kwa upole, akainusa na kuipapasa vilevile. Mama alimwangalia kwa dirisha la jikoni, akaniambia, "Mtu huyu anajifunza kila kitu. Simpendi mtu anayejifunza kila kitu."

Kisha ikaja alasiri ile. Ulikuwa umetoka kuosha mikono. Ilyasi akaingia kwa miguu na vijana wawili wa nguo nyeusi, akasema kwa sauti ya kuazima kijiko: "Fundi, nahitaji gari lako."

"Yana nini magari yenu?" ukauliza.

"Hayana kitu."

"Basi?"

Akapitisha kiganja chake juu ya boneti. "Magari yetu watu huyaogopa. Lako hakuna anayeliogopa. Kila mtu hulifungulia mlango."

Nilikuwa nimesimama kwenye kizingiti na mama, na nilikuona baba, nilikuona ukilielewa neno lile polepole. Ulijifuta mikono ambayo ilikuwa mikavu tayari. Ukasema gari lina breki mbaya. Akasema ataendesha taratibu. Ukasema una abiria wa asubuhi. Akasema abiria watasubiri. Akanyoosha mkono, ukampa ufunguo, na lilipotoka getini ulilifuata kwa macho mpaka vumbi likatua. Usiku mama alikusogezea muhogo, ukausukuma kando.

Lilirudi baada ya siku mbili, asubuhi, wakalisimamisha palepale uani, wakaenda zao. Lilikuwa limeoshwa. Si kuoshwa kwa teksi, baba: lilioshwa hata matundu ya nati, hata chini ya viti, hata zulia lilikuwa bichi na linanuka sabuni. Na lilisimama juu ya matairi manne mapya, meusi, bado yana vinyweleo vya kiwandani.

Mji mzima haukuwa na tairi. Wewe ulikuwa na manne. Ulilizunguka gari mara ngapi sijui, kisha ukachuchumaa nyuma kushoto, pale kilipokuwa kiraka chako, ukapagusa kwa kidole.

"Angalau wamekulipa kwa usumbufu," nilisema, mjinga mimi.

"Mwanangu, wangetaka kunilipa wangebadilisha yale mawili yaliyokwisha. Wamebadilisha yote. Yale ya zamani wameyapeleka wapi?"

"Nyamaza, Baba Mariamu," mama akasema kutoka jikoni. "Ukuta una watu."

Siku hiyo ulitoka kama kawaida ukanichukua nikae kando yako. Kutoka Magoudjou mpaka njia panda hakuna aliyeinua mkono. Tukapanda Mvouni. Watu waliosimama barabarani na mizigo yao walitugeuzia migongo, wengine wakajifanya wanafunga kamba za vikapu. Mzee mmoja uliyekuwa ukimpeleka kliniki alitutazama mpaka tukapita, kisha akatema mate, si kwa hasira, kama mtu anayetoa kitu kibaya mdomoni. Uligeuza gari ukarudi. Mikono yako ilishika usukani kama ngazi.

Aliyetuambia ni Bi Echata, muuza samaki wa Ikoni, ambaye kwa miaka mingi ulimbebea beseni lake ukilalamikia harufu. Alikuja mpaka uani kwetu, akasimama mbali na gari.

"Wamemchukua Mwalimu Chanfi," akasema. "Jana, watu wametoka kuswali alfajiri. Alisikia honi ya teksi mlangoni kwa mama yake kule Mvouni, akatoka. Tangu hapo hajaonekana."

Mwalimu Chanfi alinifundisha hesabu. Alikuwa kijana mwembamba mwenye chaki kwenye mikono ya shati, na Ijumaa iliyotangulia alisimama msikitini baada ya swala akauliza kwa sauti ni lini wageni wale watarudi kwao. Hakusema zaidi ya hapo.

"Mvua ilikuwa imenyesha," Bi Echata akaendelea, sasa anakutazama wewe. "Alama ya tairi lako ipo mlangoni pao. Mama yake ameifunika kwa sinia isifutike. Kila anayekuja kumpa pole hufunuliwa akaiona."

Akaondoka. Hukumwita arudi.

Mama alifunga geti, akaja akasimama mbele yako. Sikuwahi kumsikia akizungumza kwa sauti ndogo vile. "Najua unataka kwenda. Usiende. Ukisema si wewe, umeshasema ni nani."

"Na nisipokwenda?"

"Watasema ni wewe. Watasema miaka yote. Lakini utakuwa hai wa kuyasikia."

Ulikaa kwenye kigoda kile alichopenda kukaa Ilyasi, ukagundua, ukahama. Ukaswali adhuhuri. Ukavaa kanzu na kofia kama mtu anayekwenda kuposa, ukaniambia, "Mariamu, twende. Kwa miguu."

Nilitembea nyuma yako kile kilima chote, na nilitamani njia iwe ndefu zaidi. Wanawake walikuwa wamejaa ua wa Mama Chanfi, wamejitanda shali, na wanaume wamekaa nje kwenye benchi la mawe. Mama Chanfi alikuwa mwanamke mfupi, uso umekauka kwa kutolala. Hakukusalimu. Alikwenda mlangoni, akainama, akainua sinia kubwa ya shaba ya kupakulia wali wa harusi.

Kiganja cha mtoto kilikuwa pale, kimekauka kwenye tope, vidole vyote vitano.

Ulichuchumaa. Nilidhani utakana. Ulisema, "Hili ni tairi langu. Kiraka nilikichoma mwenyewe."

Mtu mmoja kwenye benchi akanyanyuka. Mama Chanfi akamzuia kwa mkono. "Na aliyeendesha?"

"Si mimi. Gari lilichukuliwa kwangu juzi alasiri, nikiwa nimesimama na mke wangu na binti yangu huyu. Alilichukua Ilyasi, yule mzungu anayeswali nasi. Amenirudishia likiwa limeoshwa, na matairi mengine."

Baba, sijasahau ukimya ule. Haukuwa wa watu wasioamini. Ulikuwa wa watu waliosikia jina ambalo hawakutaka kuwa wamelisikia. Wanaume wa benchi wakaanza kuondoka, mmoja akakumbuka ng'ombe wake, mwingine hakutafuta hata sababu. Wakabaki wanawake.

"Sema tena," Mama Chanfi akasema. "Taratibu. Wote walioko hapa wasikie."

Ukasema tena, taratibu, na jina lake ukalitaja mara mbili.

Hukuwepo Ijumaa iliyofuata kuona Mama Chanfi alichofanya na maneno yako, maana tulikuwa tumeshatoroka, lakini nilikusimulia baadaye kama nilivyosimuliwa. Alishuka Moroni na dada zake, wakakaa kwenye ngazi za msikiti. Ilyasi alipotoka na kuinama kuvaa viatu vyake, mama yule alimwita kwa jina lake la Kiislamu, mbele ya mji mzima: "Ilyasi, gari la fundi ulilipeleka kwangu. Mwanangu yuko wapi?" Alivaa viatu vyake akaenda zake. Lakini ameulizwa kwa jina lake, mchana, na masheikh wamesimama, na tangu siku ile mkubwa yeyote aliyepeana naye mkono alijua kinachosemwa.

Sisi tulitembelewa kabla ya hapo, siku moja tu baada ya Mvouni. Alikuja peke yake. Hakupandisha sauti hata kidogo. Alichuchumaa kando ya gari kama ulivyozoea kuchuchumaa, akabonyeza tairi kwa dole gumba.

"Huyatumii," akasema.

"Siyatumii."

"Tairi lisilotembea huoza likiwa jipya. Wewe ndiye uliyenifundisha." Akanitazama mimi, niliyekuwa nikianika nguo. "Na binti anajifunza kuendesha. Vizuri. Ile njia ya Mvouni ina kona, fundi. Mwambie asikimbize."

Akaaga. Akamuaga na mama.

Alfajiri ya kesho yake ulitoka uani na spana yako kama siku zote, ingawa gari halikuwa na pa kwenda. Nilikuja na taa ya mafuta kukumulikia. Uling'oa kofia ya rimu, ukaiweka spana kwenye nati ya kwanza ya gurudumu la mbele, na ikazunguka bila kushikwa na kitu. Ya pili vilevile. Zote zilikuwa zimelegezwa, zimebaki za kukazwa kwa vidole, na kofia ilikuwa imerudishwa juu yake vizuri kabisa. Gari lingetoka getini bila tatizo. Lingefika kilimani.

Ulinishika kichwa ukakiweka kifuani kwako. Kisha ukaniambia nikamwambie mama afunge mizigo, tunakwenda kwao, kisiwa cha pili.

Lakini kabla ya meli ulifanya jambo ambalo mama alililia kuliko safari yenyewe. Uliliinua gari kwa jeki, ukalikalisha juu ya mawe, ukang'oa matairi yote manne. Jua likiwa utosini, ukalivingirisha la kwanza katikati ya mtaa wa Magoudjou kuelekea nyumba ya Ilyasi. Watu walitoka madirishani. Ulilisimamisha kwenye geti lake, ukarudi kuchukua la pili. Ulipokuwa njiani nalo, nilimwona Bi Echata akiweka beseni lake chini, akaingia uani kwetu bila hodi, akachukua la tatu. Shali lilimwanguka, hakuliokota. La nne nililipeleka mimi. Hakuna mwingine aliyetusaidia, wala hakuna aliyetucheka. Tulipanda meli jioni hiyohiyo, na mpaka nanga inang'olewa hukuacha kuangalia barabara ya bandarini.

Mutsamudu ulipapenda kwa sababu moja: vichochoro vya mji wa zamani ni vyembamba, gari halipiti. Uliishi nyumbani kwa mkeo kama ilivyo ada yetu, ukaziba pancha za malori bandarini, lakini kabla ya kupokea tairi ulimtazama kwanza aliyelileta. Harufu ya maua ya langilangi ikishuka kutoka viwanda vya manukato mama alifungua madirisha, wewe ukayafunga. Hukuendesha tena. Mlango ukigongwa ulisimama katikati ya chumba, huendi mbele wala hurudi, mpaka mmoja wetu aseme ni nani.

Habari ikaja kwamba Mwalimu Chanfi yu hai. Walimtoa baada ya muda mrefu, sikio moja limekufa, hazungumzi na watu. Ulisujudu palepale kwenye saruji ya bandari. Lakini aliyeileta habari akaongeza lingine, kwamba Moroni wako wanaosema ulimuuza kwa matairi manne, ukajuta baadaye. Ulikonda nalo. Ulifariki kabla ya wazungu wale kuondoka, na kabla wanaume hawajaanza kukuosha niliona magoti yako yalivyokuwa magumu na meusi kwa kuchuchumaa, nikatoka nje.

Sasa nikueleze kwa nini nimekaa kuandika. Mama Chanfi amefariki, mzee sana. Nilikwenda Moroni kwa maziko yake, na naogopa kukuambia kwamba niliogopa. Wote hao wameshakwenda, Ilyasi na nguo zao nyeusi, lakini nilipanda Mvouni nikiangalia nyuma, mwanamke wa umri huu. Teksi zilinipita zikipiga honi, na kwa kila honi nilisogea nje ya barabara.

Mwalimu Chanfi alikuwa amekaa peke yake, ndevu nyeupe. Nilimwambia mimi binti wa nani. Akanigeuzia sikio lake zima, akaniomba nirudie. Kisha akalia, na watu wakadhani anamlilia mama yake.

"Nilifungua mlango kwa furaha," aliniambia. "Niliijua honi ile. Nilisema, fundi amekuja kunichukua mapema, leo sitachelewa shule. Nilikuwa bado natabasamu waliponishika. Kule ndani, kila walipomaliza na mimi, sikuwalaani wao. Nilimlaani baba yako. Kwa jina, na jina la mama yake. Kila siku, Mariamu, mpaka nilipotoka na mama akaniambia. Nilitaka kuja Mutsamudu. Kila mwaka nilisema mwaka huu. Halafu nikasikia amekufa na laana zangu juu yake."

Akaniomba radhi yako. Kwa desturi zetu aliyekufa huombewa radhi kwa warithi wake, na mrithi ni mimi.

Nilimwambia sina mamlaka hayo. Nilimwambia ulikonda miaka yote kwa maneno ya watu, na sikujua kama na yeye alikuwamo. Nilikuwa na hasira, baba, sikutegemea kuwa nayo. Nikasema nitakuuliza, nikaaga, nikatoka. Nilifika mpaka barabarani. Teksi ilisimama, dereva akafungua mlango, na sikuweza kuingia.

Nikarudi. Alikuwa palepale. Nikapiga magoti nikamwambia kwenye sikio lake zima: "Amekusamehe. Ameniambia."

Nimesema kwa ulimi wako bila idhini yako. Kama nimekosea, utanigombeza tutakapoonana, kwa Kiswahili, na mama atusikilize. Mpaka siku hiyo Mungu akupanulie kaburi lako, na asikugongee mlango ila malaika wa rehema.

Binti yako,
Mariamu